Chemchemi yenu ikizungushiwa seng'enge: namna ya kuandaa madai ya jamii ya asili

Maji ya bombani Mombasa hayazaliwi Mombasa. Mengine yanatoka chemchemi za Mzima huko Tsavo, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa. Mengine Marere kwenye milima ya Shimba, Baricho kando ya mto Sabaki, na visima vya Tiwi. Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa mjini. Wanaonijia ni wazee na akina mama wa Kwale, Kilifi na Tana River, wakiwamo Waata, jamii ya asili ya wawindaji, na swali lao ni moja: chanzo chetu kinachukuliwa, tuanzie wapi? Hivi ndivyo tunavyofanya.

Hatua ya 1: Amueni mnadai nini

Kikao kizima kitumieni kwa jambo hili, maana hapa ndipo madai mengi hufia. Kuna haki mbili. Ya kwanza ni ya kila mtu kupata maji safi ya kutosha: ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inaitamka, na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitambua Julai 28, 2010. Ya pili ni ya watu kwa pamoja, juu ya chanzo chenyewe kama sehemu ya nchi ya mababu zao. Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili la 2007, kifungu cha 25, linataja ardhi, maji na bahari ya pwani kwa pamoja.

Mkidai ya kwanza peke yake, mtaletewa tangi na mfereji mmoja kando ya barabara, na seng'enge itabaki palepale. Kisheria mtakuwa mmeshajibiwa. Tena msitegemee hati ya ardhi ya jamii pekee: ibara ya 62 ya Katiba inaweka mito, maziwa na maji mengine katika ardhi ya umma. Ndiyo sababu tunahitaji sheria ya kimataifa, inayotazama uhusiano wa watu na maji hata pale ambapo hati haiyataji.

Hatua ya 2: Andikeni maisha ya chanzo

Chora ramani kwa mkono, na vijana waende na simu kuchukua vipimo vya mahali. Kila kisima kiandikwe kwa jina lake la wenyeji. Kisha ulizeni: nani huchota, kiangazi ni kina nani wanaokuja kutoka mbali, mifugo hunywa upande gani, wapi hairuhusiwi kufua, tambiko hufanyika lini na nani huongoza, nani ana mamlaka ya kumfukuza mtu akichafua. Swali hilo la mwisho lina uzito mkubwa, kwa sababu linaonyesha kwamba jamii ina sheria zake juu ya maji.

Wahojini wanawake bila wanaume kuwapo. Wao ndio wanaojua ndoo ngapi na njia ipi. Rekodini wazee kwa lugha yao, halafu maelezo yageuzwe kuwa hati za kiapo mbele ya kamishna wa viapo.

Kazi hii ndiyo iliyowafaa Waendorois, waliofurushwa kando ya Ziwa Bogoria miaka ya 1970 ili pawe hifadhi ya wanyama. Walieleza ibada zao, malisho yao na chumvi ya mifugo, na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika uamuzi uliotangazwa 2010, ikakuta Kenya imekiuka haki zao za dini, mali, utamaduni, rasilimali za asili na maendeleo.

Hatua ya 3: Dai nyaraka mapema

Iandikie ofisi ya umma inayohusika barua chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Omba nakala za kibali cha kuchota maji alichopewa mwenye mradi, ripoti ya tathmini ya mazingira na kumbukumbu za mikutano ya umma. Ofisi ina siku 21 kujibu. Nakala ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa. Fanyeni haraka, kwa sababu rufaa dhidi ya leseni ya mazingira hupelekwa kwenye Baraza la Rufaa za Mazingira ndani ya siku 60.

Hatua ya 4: Lindeni ridhaa yenu

Kifungu cha 32 cha Azimio kinataka ridhaa huru, iliyotolewa kabla ya mradi kuidhinishwa, na watu wakiwa wameelezwa yote. Baraza la chifu lenye soda si ridhaa. Karatasi ya mahudhurio isiyo na kichwa cha habari msiitie sahihi: andikeni juu yake, kwa kalamu, "tumehudhuria tu, hatujakubali", kisha mpige picha.

Hatua ya 5: Pangeni sheria kwa uzito wake

Tangulizeni mikataba inayoifunga Kenya: Mkataba wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni, ambao Kenya ilijiunga nao 1972, na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambao ilijiunga nao 1992. Ibara ya 2(6) ya Katiba inaifanya kuwa sehemu ya sheria zetu. Azimio la 2007 lifuate kama mwongozo. Siku ya kulipitisha, Kenya ilijizuia kupiga kura. Mkataba namba 169 wa Shirika la Kazi Duniani Kenya haijauridhia, kwa hiyo msiujengee hoja kuu. Ongezeni hukumu ya Botswana ya Januari 2011, iliyowarudishia Wabasarwa, jamii ya asili ya jangwa la Kalahari, haki ya kutumia kisima chao.

Hatua ya 6: Mahakama ya hapa, kisha Banjul

Fungueni ombi la kikatiba katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ibara ya 22 inasema hakuna ada ya kufungua ombi la namna hii. Tume ya Afrika, yenye makao Banjul, Gambia, haitawapokea kabla hamjamaliza njia za nyumbani, isipokuwa mwonyeshe kwamba zinachelewa kupita kiasi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, hamwezi kuiendea moja kwa moja, kwani Kenya haijatoa tamko la kuruhusu raia kuishtaki huko. Kesi ya Waogiek, jamii ya asili ya msitu wa Mau, ilifikishwa huko na Tume.

Popote mtakapofungua, ombeni siku hiyohiyo amri ya muda ya kusimamisha kazi kwenye chanzo. Waogiek walipata amri ya muda kutoka Arusha Machi 2013. Hukumu yenyewe ilitoka Mei 2017.