Umeme ukikatika, Vim isipoteze kazi yako

Kwa wanaotumia Vim (programu ya kuandika na kuhariri mafaili) kwenye kompyuta za mezani zisizo na UPS (betri ya akiba) hapa Kigoma: kwenye terminal andika `mkdir -p ~/.vim/swap`, kisha kwenye `~/.vimrc`, faili la mipangilio ya Vim, ongeza:

`set directory=~/.vim/swap//`
`set updatecount=20`

Kwa kawaida Vim huandika nakala ya dharura (faili la `.swp`) kila baada ya herufi 200, au ukitulia sekunde 4. Sasa ni kila herufi 20. Usiache mikwaju miwili (`//`) ya mwisho: ndiyo inayozuia mafaili yenye jina moja kugongana. Umeme ukirudi, `vim -r` na jina la faili, hifadhi kwa `:w`, halafu futa `.swp` ya zamani, maana isipofutwa itakusumbua kila ukifungua. Ukiona kosa E303, folda haipo au haiandikiki, na huna kinga yoyote. Usielekeze nakala hizo `/tmp`, mifumo mingi hufuta yaliyomo humo mashine inapowaka.