Mbwa Akikuuma: Namna ya Kukiwahi Kirusi Kabla Hakijaingia Kwenye Neva

Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba. Karibu kila mgonjwa hufa. Ila kati ya kuumwa na dalili huwa kuna nafasi, kwa kawaida mwezi 1 hadi 3, mara chache wiki moja tu au zaidi ya mwaka. Kirusi hiki hakisafiri kwa damu, ambako askari wa mwili wangekiona mapema. Hujibanza kwenye msuli uliojeruhiwa, kisha huingia kwenye neva (mishipa ya fahamu) na kupanda hadi uti wa mgongo na ubongo. Humo ndani kingamwili, yaani protini za mwili zinazokamata virusi, hazikifikii, nacho kina protini inayozima king'ora ambacho seli iliyovamiwa hupaswa kukipiga. Ndiyo maana wagonjwa wengi huanza kuugua wakati damu yao bado haina kingamwili hata kidogo.

Kwa hiyo kazi yote ni kukiwahi kikiwa bado kwenye jeraha.

Anza na maji na sabuni, papo hapo, kwa dakika 15 kamili. Sabuni yoyote inafaa, hata ya mche ya kufulia, kwa sababu ganda la kirusi lina mafuta na sabuni hulivunja. Kama hakuna bomba, mtu mmoja amimine maji kutoka kwenye jerikeni na mwingine aoshe hadi ndani ya tundu la jino. Halafu paka ayodini au spiriti. Pilipili, mafuta ya gari, majani yaliyotwangwa na lile jiwe jeusi la kubandika kwenye jeraha havikiui kirusi, na vingine huchokonoa jeraha. Usikubali lishonwe haraka: sindano ya kushonea yaweza kukisukuma kirusi ndani zaidi. Ikibidi kushona, dawa ya kingamwili itangulie.

Sasa panda boda boda. Kituo cha afya III (cha ngazi ya chini, Uganda) huenda kisiwe na chanjo, basi piga simu kwanza, au uliza ofisi ya afya ya wilaya dozi ziko wapi. Chanjo hukaa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8. Iliyoachwa juu ya kaunta ya duka usiikubali.

Mhudumu atatazama ukubwa wa hatari. Ulimi wa mbwa kwenye ngozi nzima: nawa tu. Mkwaruzo usiotoa damu: chanjo. Jeraha lenye damu, mate yaliyoingia mdomoni, machoni au kwenye kidonda, au kuguswa na popo: chanjo pamoja na dawa ya kingamwili. Majeraha ya uso, shingo na vidole ni mabaya zaidi, kwani hapo neva ni nyingi, na kutoka usoni ubongo hauko mbali.

Chanjo ya msulini huchomwa siku ya 0, 3 na 7, na ya nne kati ya siku ya 14 na 28. Ya kwenye ngozi ni mililita 0.1 sehemu mbili, siku ya 0, 3 na 7. Siku ya 0 ni ya sindano ya kwanza, si ya kuumwa. Ichomwe begani, au pajani kwa mtoto mdogo. Matakoni mafuta huidhoofisha. Ukikosa tarehe, endelea ulipoishia, usianze upya. Mjamzito naye huchanjwa.

Mwili huchukua siku 7 hadi 14 kutengeneza kingamwili zake. Pengo hilo huzibwa na ile dawa ya kingamwili, yaani kingamwili za kuazima: uniti 20 kwa kila kilo ya uzito zikitoka kwa binadamu, 40 zikitoka kwa farasi, zikidungwa ndani na kuzunguka jeraha. Zisichanganywe na chanjo kwenye bomba moja la sindano. Siku 7 zikishapita tangu sindano ya kwanza hazitolewi tena, maana zitazuia zile ambazo mwili umeanza kuunda. Anayeishi na VVU aseme mapema, kwani kinga ikiwa chini mpango hubadilika.

Aliyewahi kukamilisha chanjo ana seli za kumbukumbu. Akiumwa tena anahitaji sindano za siku ya 0 na 3 tu, bila kingamwili za kuazima. Ikiwa haijapita miezi 3 tangu chanjo hiyo, kuosha kunatosha. Hivyo tunza kadi yako!

Mbwa mwenyewe, kama anaweza kushikwa kwa usalama, afungwe na aangaliwe siku 10. Mjulishe mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na daktari wa mifugo. Akibaki mzima, mate yake siku ile hayakuwa na kirusi, na chanjo inaweza kusimamishwa. Lakini usizingoje siku hizo ndipo uanze. Na wanaomuua kwa hasira wasimpige kichwani, kwa maana ubongo ndio unaopimwa maabara.