Ukipewa shairi na mfungwa ulitoe nje, fanya hivi

Ukiwa unaingia Shimo la Tewa ama Lang'ata ama gereza lolote, iwe unafundisha, unahubiri ama unamtembelea mtu wako, iko siku utapewa karatasi. Itakuwa imeandikwa mbele na nyuma mpaka pembeni manake karatasi huko ndani ni tabu, na utaambiwa hii kasomee watu, wajue na sisi tunaandika. Hapo ndo kazi inaanza, na nakuomba uifanye vizuri kwa sababu ukiharibu, wewe uko nyumbani kwako na yeye ndo yuko mikononi mwa askari.

Usiitoe kimyakimya. Najua kuna mtu atasema mbona Abdilatif Abdalla, yule mshairi wa Mombasa, alifungwa 1969 mpaka 1972 kwa ajili ya waraka wake wa kisiasa Kenya: Twendapi?, akaandika mashairi kwenye karatasi za chooni, yakatolewa kisiri na 1973 yakawa diwani ya Sauti ya Dhiki. Ni kweli, na bila ule ujasiri tungekosa kitu kikubwa sana kwenye ushairi wetu, lkn yule aliamua mwenyewe kubeba ile hatari na hakuwa na mlango mwengine. Saivi magereza mengi yanapokea watu wa vitabu, michezo ya kuigiza, mafunzo, kwa hio andika barua kwa mkuu wa gereza, sema wewe ni nani, unataka kutoa kazi gani, itachapishwa ama kusomwa wapi. Barua ya mtu asiyejulikana hukaa mezani wiki na wiki, ndo maana ni bora upitie kwa afisa wa ustawi ama imamu ama kasisi anayehudumu pale, hao wanajua nani wa kuongea naye. Ukiambiwa Katiba ya Kenya haimhusu mfungwa, kifungu cha 51 kinasema aliyefungwa anabaki na haki zake zote isipokuwa zile ambazo haziwezekani kabisa kwa hali ya kufungwa. Sema kwa adabu tu, hukwenda kugombana.

Alafu idhini ya mwenyewe, na hapa ndo wengi wanapita mbio. Mtu akikuambia sawa na afande amesimama pembeni, hio sawa usiihesabu bado. Muachie siku kadhaa, rudi umuulize tena, na karatasi ya makubaliano iwe kwa Kiswahili ama lugha anayoielewa, msome pamoja mstari kwa mstari, abaki na nakala yake. Iseme kazi itatoka wapi, kwa jina gani, kama kuna pesa zitakwenda kwa nani, na kwamba akibadili mawazo utaiondoa. Lkn mwambie na ukweli wa pili, kwamba kitu kikishaingia mtandaoni hukidhibiti tena, wewe utakifuta na mtu mwengine kashakipiga skrinishoti. Miaka kumi baadae ametoka, anatafuta kazi, bosi anaandika jina lake kwenye Google na kinachotokea ni lile shairi la jela. Wengine watasema poa weka jina langu kamili, najivunia, na hio ni haki yao. Wengine watataka lakabu, yani jina la kupanga, na washairi wa Pwani lakabu si jambo geni.

Kama yuko rimandi, yani kesi haijaisha, simama kabisa. Hadithi inayosimulia usiku wa tukio, hata akiita ni ya kubuni, upande wa mashtaka unaweza kuileta mahakamani. Subiri mpaka kesi iishe pamoja na rufaa, ama wakili wake aisome kwanza. Mashairi ya mama, ya mapenzi, ya dini, hayo hayana shida sana, ila bado muulize wakili.

Hakimiliki ni yake tangu siku aliyoandika, hata kama kalamu na daftari alipewa na gereza ama na wewe. Kwa sheria ya Kenya inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Wewe ni mchukuzi tu.

Sasa kuhariri. Tafadhali usiinyooshe lugha ikawa kama ya gazeti. Chukua mfano mtu kaandika "tumefungiwa saa kumi na jua bado kali tunaliona dirishani", na mhariri akaibadilisha kuwa "jioni tulifungiwa vyumbani". Umeua kila kitu hapo! Ile saa kumi ndo habari yenyewe, mtu wa nje saa kumi bado yuko kazini, yeye siku yake imeshafungwa. Rekebisha herufi zilizoruka, kama hatak ni hataki weka hataki, lkn mizani, yani hesabu ya silabi, ikipungua kwenye mshororo usijaze neno lako, mpelekee aongeze mwenyewe hata kama itachukua mwezi. Kitu pekee cha kukata bila huruma ni majina na alama za watu wengine, mfungwa mwenzake, askari, na zaidi ya wote yule aliyeumizwa na familia yake. Hao hawajakupa idhini yoyote, na wanaweza kuwa wanasoma.

Ukimtambulisha, usianze na kosa lake. Muulize anataka aitwe nani: fundi seremala, baba wa watoto watatu, malenga. Kosa litajwe akitaka yeye.

Pa kuyapeleka pako pengi, mtandao si lazima uwe wa kwanza. Vipindi vya mashairi vya redio vinafika mpaka kwa mamake kijijini ambaye hana bando. Usomaji wa hadhara nao ni mzuri, na kama mkipata ruhusa ya kusomea Fort Jesus itakuwa na uzito wake, manake ile ngome ilikuwa gereza kuanzia 1895 mpaka 1958. Msomaji afanye mazoezi, shairi la mtu lisisomwe mbiombio, na familia waalikwe wakae mbele kama wanataka kuja.

Likishatoka rudi kwake. Piga chapa ukurasa wenyewe pamoja na maoni ya watu, pitishia ofisini yakaguliwe, yamfikie. Maoni ya matusi usimpelekee yote ila usimfiche kwamba yapo, muulize kama anataka kuyaona. Pesa zikipatikana zipeleke pale mlipoandikiana, uchukue risiti, na risiti nayo umpelekee.