DT 100 ya zamani inazima kwenye sailensi: mimi naanzia hapa

Mwezi wa sita, asubuhi ya baridi ile ambayo umande umeganda kwenye majani, mzee mmoja wa hapa Matamba, juu milimani Makete, aliisukuma Yamaha DT 100 yake mpaka kibandani kwangu. Ni bwana shamba mstaafu, na pikipiki hiyo anayo tangu enzi za utumishi.

"Kamwene, fundi."

"Kamwene, baba. Leo unatembea naye kwa miguu?"

"Huyu nikiwa naye Chimala anakoroma kama paka jikoni. Nikianza kupanda Hamsini na Saba, kila kona nikiachia resi anazima."

Chimala iko chini kule barabara kuu, na Hamsini na Saba ni barabara ya kona hamsini na saba inayopanda kutoka huko mpaka kwetu. Niliangalia kabureta. Skrubu ya sailensi, yaani ya mlio wa chini injini ikinguruma bila kuvutwa resi, ilikuwa imekazwa mpaka mwisho. Kabla yangu walishapita mafundi wawili, na kila mmoja aliongeza robo yake. Hapo ndipo wengi tunapokosea. Skrubu ile kazi yake ni kunyanyua pistoni ya kabureta kidogo ili injini isizime. Haitibu kitu. Ukiikaza pikipiki itakaa, ila itakuwa inapiga kelele kwenye sailensi na ugonjwa uko palepale. Kwa hiyo cha kwanza irudishe nyuma mpaka karibu na pale ilipokuwa, ndipo uanze kutafuta.

Muulize mwenyewe inazima saa ngapi. Inazima ikiwa ya baridi au ikishachemka? Kwenye mlima au popote? Sailensi inashuka taratibu mpaka inakata, au inapanda kwanza yenyewe halafu ndiyo inakata? Majibu hayo yanakupunguzia nusu ya kazi kabla hujashika spana.

Halafu mambo madogo. Fungua bakuli la kabureta umwage petroli yake kwenye kifuniko cheupe. Ukiona vitone vinavyokimbiakimbia chini kama zebaki, hayo ni maji. Huku kwetu tangi likilala nusu usiku wa baridi linatoa jasho kwa ndani, na petroli ya chupa nayo ina mambo yake. Osha tangi, osha na chujio la koki. Shika usukani uugeuze kushoto na kulia injini ikiwa inanguruma. Mlio ukibadilika, waya wa resi umevutwa mno, upe uhuru kidogo. Angalia na choki kama inakaa chini kabisa. Kwenye kabureta hizi za Mikuni, choki ina kijipistoni chenye mpira mwishoni, na mpira ukishalika petroli inapita muda wote. Utaona plagi nyeusi imelowa, na utaisingizia bure jeti, kile kipande cha shaba chenye tundu dogo linalopima petroli.

Jeti ndogo ndiyo inayolisha injini kwenye sailensi. Kubwa haihusiki kabisa hapa, iache. Ndogo ifungue kwa bisibisi inayojaa kwenye mfereji wake, maana ni shaba laini, ikichanika kichwa umepata kazi ya kutwa nzima. Inyanyue uangalie jua kupitia tundu lake. Unatakiwa kuona nukta ya mwanga iliyo duara. Ukiona mwezi mchanga, yaani upande mmoja umezibwa, umeshampata mwizi. Nyingine haionyeshi mwanga kabisa na mwenyewe anakwambia jana aliisafisha. Usitumie sindano wala waya wa breki, utalipanua tundu na halitarudi tena. Mimi nachomoa uzi mmoja wa shaba kwenye waya laini wa redio, napitisha taratibu, kisha napuliza kwa pampu. Puliza pia njia zote za ndani ya kabureta, hasa kile kitundu kidogo kilicho mbele ya pistoni upande wa injini.

Sasa skrubu ya hewa. Kuna vijana wamezoea pikipiki za kisasa za foo-stroki, wakikuta DT, ambayo ni tuu-stroki inayochoma oili pamoja na petroli, wanazungusha kinyume. Kumbuka hivi: skrubu ikiwa upande wa filta, hiyo ni ya hewa, na ukiifungua unaongeza hewa. Ikiwa upande wa injini ni ya mafuta, ukiifungua unaongeza petroli. Kwenye DT iko upande wa filta. Ifunge taratibu mpaka iguse, usiibane, halafu irudishe mzunguko mmoja na nusu. Huo ni mwanzo tu.

Zunguka nayo dakika kumi ichemke sawasawa. Ukitengeneza injini ikiwa ya baridi unajidanganya. Ukirudi, pandisha kidogo skrubu ya sailensi, kisha cheza na ya hewa robo kwa robo huku ukisikiliza. Kuna mahali mlio unapanda wenyewe na kuwa msafi. Ukipita hapo unaanza kukohoa. Rudi pale pasafi, shusha sailensi, halafu rudia mara moja tena. Mimi sina kipimo cha mizunguko, natumia kioo cha pembeni. Nikiweza kuona mti wa matufaha ulio nyuma ya kibanda, tawi moja moja, sailensi imetulia. Nikiona kijani kitupu, bado.

Angalia skrubu ya hewa imeishia wapi. Ikiwa injini inafurahi chini ya mzunguko mmoja, inalilia petroli: jeti bado imeziba au kuna hewa inaingia kwa wizi. Ikiwa inataka zaidi ya miwili na nusu, petroli imezidi.

Na hii ya pili ndiyo ilikuwa shida ya mzee. Chimala ni mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, Matamba ni kama 2,000, na ukiendelea mpaka Kitulo unapita 2,600. Hewa ya hapa kijijini, ukilinganisha na ya pwani, imepungua kama moja ya tano. Jeti haijui hilo, inamwaga petroli ileile. Pikipiki iliyotengenezwa sawa Chimala ikifika kona ya thelathini tayari imeshiba, ukiachia resi inazama kwenye petroli yake yenyewe. Tulifungua hewa nusu mzunguko zaidi ikatulia. Kwa anayekaa Kitulo moja kwa moja, afadhali ashuke namba moja kwenye jeti ndogo kuliko kuhangaika na skrubu.

Ile hewa ya wizi nayo ina alama yake: unaachia resi lakini mlio hauteremki, unaning'inia juu, unashuka kwa kusuasua, halafu inakata. Paka povu zito la sabuni kuzunguka mpira unaounganisha kabureta na injini. Mlio ukibadilika, mpira umepasuka. Watu wengine hapa wanapuliza petroli. Mimi sitaki, nina kibanda cha mbao.

Mpira ukiwa mzima, mshuku sili ya krenki, yaani ule mpira wa duara unaoziba hewa na oili pale krenki inapotokea nje ya injini. Hili nililijifunza kwa hasara. Mwaka mmoja nilishinda siku mbili na DT 125 ya kijana mmoja, nasafisha kabureta, narudisha, mlio unaning'inia. Nikamwambia kabureta imekufa. Akashuka Mbeya akanunua nyingine, ikaning'inia vilevile. Siku ya tatu ndipo nilipofungua kifuniko cha kushoto nikatoa magneti kwa pula yake. Chini ya sili palikuwa na tope jeusi la vumbi na oili, na katikati yake mstari uliolowa, mbichi, umeteremka kama mchozi. Mpira wa sili ulikuwa mgumu kama kigae. Kabureta ile nilimrudishia pesa yake. Ipo mpaka leo kwenye rafu yangu. Sili ya kulia, upande wa klachi, ikilika dalili ni nyingine: moshi mweupe usioisha na oili ya gia inayopungua bila kuvuja nje.

Ukiwa umeshatoa magneti, usirudishe kabla hujaangalia pointi, ile swichi ndogo inayofunguka na kufunga ili plagi itoe cheche. Nafasi iwe milimita 0.3 mpaka 0.4 zikiwa wazi kabisa. Zisugue kwa msasa laini, zifute kwa karatasi safi. Kondensa, kile kikopo kidogo kinachozuia pointi zisiungue, ikiwa inakufa inajulikana: pikipiki ya baridi inakaa vizuri, ikichemka inakata, na pointi zinarusha cheche kubwa za buluu. Kondensa mpya nayo ipime kabla ya kulipa. Nimewahi kuuziwa mbili kwenye pakiti, zote zimekufa.

Ekzosi ya masizi nayo inakaba sailensi. Chomoa bomba lake la ndani, lichome motoni, ligonge.

Kama pampu ya oili imetolewa na unachanganya kwenye tangi, weka mililita 200 kwa lita tano. Na ukishuka Hamsini na Saba usiachie resi moja kwa moja mpaka chini. Resi ikifungwa petroli inaingia kidogo sana, na oili iko ndani ya petroli hiyo hiyo. Vuta kidogo kila kona, pistoni ipate kulainika.

Mzee nilimwekea nukta mbili za rangi ya kucha pembeni ya skrubu ya hewa, nyekundu ya Matamba na nyeupe ya Chimala. Anabeba bisibisi fupi kwenye mfuko wa koti. Akifika chini anageuza mwenyewe, akirudi juu anageuza tena, na skrubu ya sailensi nimemkataza kuigusa.