Kusoma tamthilia za ndoa darasani: tuanzie kwenye fedha na sahihi

Mwalimu wa fasihi wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, anapofungua tamthilia ya Mnorwei Henrik Ibsen, Maison de poupée (Nyumba ya Mwanasesere), mbele ya wanafunzi wa sekondari, ajue kwamba swali la kwanza litakuwa hili: je, Nora, mke ambaye mwishoni mwa tamthilia anaondoka nyumbani, alikuwa na haki ya kumwacha mume na watoto? Swali ni zito na lina siku yake. Likitangulia, wavulana huwa upande mmoja na wasichana upande mwingine, kila mmoja akitetea aliyoyasikia nyumbani, na kitabu hakisomwi tena.

Kwa hiyo somo la kwanza lihusu fedha. Wanafunzi wapekue sehemu ya kwanza na kuandika ni nani aliyekopa, kiasi gani, kwa ajili gani, na ni jina la nani lililotiwa kwenye hati. Watakuta kwamba Nora alikopa krona 4,800 ili mumewe mgonjwa apelekwe Italia, na kwamba sahihi ya baba yake, aliyetajwa kuwa mdhamini, ina tarehe 2 Oktoba ilhali mzee huyo alifariki tarehe 29 Septemba. Mwanafunzi aliyezigundua tarehe hizo mwenyewe hatakimbilia kumwita Nora mpumbavu wala malaika, kwa maana ataona jinsi alivyobanwa: katika sehemu hiyohiyo rafiki yake, Bi Linde, anasema waziwazi kwamba mke hawezi kukopa bila idhini ya mumewe.

Hapo wachukue Sheria ya Familia ya Kongo ya tarehe 1 Agosti 1987. Ibara yake ya 448 ilimtaka mke apate idhini ya mumewe kwa kila tendo la kisheria lililompa wajibu wa kutimiza yeye mwenyewe, mpaka ilipobadilishwa mwaka 2016. Tamthilia ilichezwa mara ya kwanza mjini Copenhagen mwaka 1879, na bado mama za wanafunzi wetu wengi waliolewa chini ya kanuni iliyo jirani na ile iliyomfunga Nora. Kwangu hakuna ulinganisho unaoliamsha darasa kuliko huu, mradi mwalimu asiuharakishe.

Baada ya hapo swali la watoto lifunguliwe, tena kwa kusoma miisho miwili. Mwigizaji mmoja wa Ujerumani alikataa kumcheza mama anayewaacha watoto wake, na mwaka 1880 Ibsen akaandika mwisho mwingine, ambamo Nora anafikishwa kwenye mlango wa chumba cha watoto na kuishiwa nguvu asiondoke. Mwandishi mwenyewe aliuchukia mwisho huo. Wanafunzi waeleze kwa maandishi ni maneno gani ya awali ya tamthilia yanayopoteza maana Nora akibaki.

Kwa L'École des femmes (Shule ya Wanawake) ya Mfaransa Molière, ya mwaka 1662, kusoma kwa sauti kunatosha. Arnolphe amemlea Agnès tangu utotoni katika ujinga wa makusudi ili aje amwoe, na katika sehemu ya tatu anampa asome kanuni za mke mwema. Msomaji wa Agnès asome kanuni hizo polepole, kisha darasa liruke moja kwa moja hadi majibu yake mafupi ya sehemu ya tano.

Trois prétendants... un mari (Wachumba Watatu... Mume Mmoja) ya Guillaume Oyono Mbia wa Kameruni iwe ya mwisho, kwa sababu ndiyo iliyo karibu nasi zaidi. Mahari ya faranga 100,000 kutoka kwa mkulima, halafu 200,000 kutoka kwa mtumishi wa serikali, zinapokelewa bila Juliette, msichana anayeposwa, kuulizwa. Mwalimu asimlazimishe mwanafunzi yeyote kueleza mahari ya dada yake au ya mama yake mbele ya wenzake. Darasani humo wamo ambao jambo hilo liko mezani kwao mwaka huu huu, na watazungumza kwa uhuru zaidi juu ya Juliette wakiachwa wazungumze juu ya Juliette.