Kuchora dakti za duka dogo bila kurudia mchoro mara tatu

Kazi nyingi zinazoniletea hela hapa Kisumu ni za aina moja: duka la zamani pale Oginga Odinga Street linageuzwa mkahawa, mwenye nyumba anataka hewa baridi, na mkandarasi anataka mchoro wa dakti (njia za bati zinazopitisha hewa) jana. Hivi ndivyo ninavyofanya. Nitatumia mfano wa ukumbi wa mita 80 za mraba, viti 50.

1. Panda ngazi kabla ya kuwasha kompyuta

Mchoro wa zamani wa jengo, ukiupata, usiuamini. Beba mita ya leza, tochi na ngazi, ufungue dari walau sehemu tatu. Unachotafuta hasa ni boriti: imeshuka kiasi gani kutoka kwenye zege, na chini yake hadi dari mpya patabaki nafasi gani. Andika namba hiyo kwa kalamu nyekundu.

Nasema hivi kwa sababu iliwahi kunigharimu. Nafasi chini ya boriti ilikuwa milimita 340, nami nikachora dakti ya kimo cha 300 nikiona 40 za ziada. Nilisahau blanketi ya kuzuia joto: milimita 25 juu na 25 chini. Nikasahau na chuma cha kuibeba, 40 nyingine. Jumla 390. Fundi alishakunja mabati yote. Siku hizi naandika kimo cha nje, si cha ndani, kila dakti inapopita chini ya boriti.

2. Piga hesabu ya hewa kwenye ukurasa mmoja

Hewa safi ya mkahawa, kwa kiwango cha ASHRAE 62.1 (cha chama cha wahandisi wa hewa na upoozaji cha Marekani), ni lita 3.8 kwa sekunde kwa kila mtu, ukijumlisha lita 0.9 kwa kila mita ya mraba. Watu 50 ni 190, eneo ni 72, jumla 262.

Hewa ya kupooza ni kubwa kuliko hiyo. Kanuni ya haraka ni lita 54 hivi kwa sekunde kwa kila kilowati ya kupooza. Ukihitaji kilowati 14, unapata 756. Lakini kanuni hiyo ni ya usawa wa bahari, na Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu. Hewa yetu ni nyepesi, kwa hiyo naongeza asilimia 12 na kufikia 850 hivi. Aliye Nakuru aongeze karibu asilimia 20.

3. Chora mstari mmoja tu

Wanaoanza kazi hii huharibu muda hapa, wakichora kuta mbili za kila dakti kabla vipimo havijatulia. Mimi navuta mstari mmoja kutoka kwenye mashine ya kupooza hadi kila grili (tundu la hewa), naandika lita kando yake, basi. Mwenye duka akihamisha kaunta (na ataihamisha), unasogeza mstari mmoja badala ya kuta, kona na matawi. Kila kitu kiwe kwenye leya yake (tabaka lake la mchoro kwenye kompyuta): hewa ya kupeleka, ya kurudi, ya kutoa nje. Grili na dampa (vibao vya kurekebisha hewa) ziwe bloku (michoro midogo iliyo tayari) ulizohifadhi kutoka kazi iliyopita.

4. Pima ukiwa na bati kichwani

Eneo la dakti ni hewa gawanya kwa kasi. Kwa njia kuu naenda karibu mita 6 kwa sekunde, kwa matawi karibu 4. Zile lita 850 ni mita za ujazo 0.85; gawanya kwa 6 unapata mita za mraba 0.142, kwa hiyo dakti ya milimita 500 kwa 300.

Baada ya matawi mawili, hewa imebaki nusu, 0.425. Mkono wa mazoea utaandika 300 kwa 300. Ngoja kidogo. Bati linauzwa futi 8 kwa 4, yaani milimita 2440 kwa 1220. Mzunguko wa 300 kwa 300 ni 1200, na kiungo cha kukunja kinakula kama 40. Hiyo ni 1240: imezidi nusu ya bati kwa milimita 20, na fundi atatumia bati zima kwa kipande kimoja. Andika 300 kwa 250. Mzunguko na kiungo ni 1140, bati moja linatoa vipande viwili, na kasi ni 5.67, ileile ya njia kuu. Sijui kwa nini jambo hili halifundishwi darasani.

Penye boriti, 500 kwa 300 haipiti. Ibadilishe iwe 700 kwa 200 pale tu, kisha uirudishe. Upana usizidi mara nne ya kimo, maana dakti bapa sana inaisumbua feni.

5. Sasa chora kuta mbili, na mkato mmoja

Kuta mbili zichorwe kwenye boriti, kwenye chumba cha mashine na kila zinapokutana na bomba au taa. Kwingine mstari mmoja wenye vipimo unatosha. Mkato (mchoro unaoonyesha dakti kana kwamba imekatwa) chini ya boriti usikose.

6. Jikoni ni mchoro wake

Moshi wa mafuta hauchanganywi na hewa nyingine. Dakti yake ni ya chuma kizito kilichochomelewa, imenyooka kadiri iwezekanavyo hadi juu ya paa, yenye milango ya kusafishia. Mchana upepo hutoka ziwani, kwa hiyo weka mdomo wa hewa safi upande wa ziwa na wa moshi upande wa pili, mbali kadiri iwezekanavyo. Ukigeuza, wateja watakula wakinusa samaki wa kesho.

7. Mpelekee fundi kabla ya kutia sahihi

Natoa nakala ya karatasi kubwa na kwenda nayo kwa fundi wa bati, pale jua kali ya Kibuye. Simwelezi kitu, namwacha aisome mwenyewe. Mara ya mwisho aliweka kidole kwenye kona iliyobanana na ukuta akauliza, "Na hii boliti ya nyuma, mkono utaingilia wapi?" Niliisogeza milimita 150.