Mahindi yamepigwa na jua na wadudu wamo: anzia hapa kabla hujanunua dawa

Wa Dodoma, Singida na popote mvua inapokata katikati ya msimu, hii inawahusu. Watu wakiona mahindi yamenyong'onyea wanakimbilia duka la pembejeo, wanapiga dawa saa 6 mchana halafu wanalalamika ni feki. Feki zipo kweli, ila mara nyingi mmea una shida mbili kwa mpigo na wewe umetibu moja, tena saa mbaya.

Ona majani yaliyojikunja mchana, af rudi alfajiri. Yamekunjuka? Hiyo kiu ya kawaida tu, mhindi unajikunja usipoteze maji. Bado yamejikunja? Udongo umekauka kwelikweli. Jani la katikati likikauka peke yake na ya pembeni ni ya kijani, livute taratibu, likichomoka kirahisi na chini limetafunwa au limeoza huyo ni funza wa bua, usisingizie jua. Chungulia na kwenye moyo wa mhindi, pale juu majani machanga yanapochomoza, ukikuta uchafu kama vumbi la mbao lililolowa fukua umtoe kiwavi umwangalie: kichwani ana Y iliyopinduliwa, karibu na mkia madoa manne yamekaa mraba. Ni kiwavijeshi vamizi, tunaye tangu 2017.

Ukame ndio unampa nafasi. Mvua kubwa huwa inawaosha viwavi wadogo, isiponyesha wanapona wengi, na mhindi wenye kiu umefunga vitundu vya majani kutunza maji kwa hiyo chakula unatengeneza kidogo na hauna nguvu ya kuchipua majani mengine.

Sasa pita zigizaga, simama sehemu 5, kila sehemu kagua mashina 10. Mahindi yakiwa bado madogo na yaliyoliwa hayafiki 10 kati ya 50, usitoe hela, ponda mayai na viwavi kwa vidole. Yakizidi hapo piga jioni mmea ukiwa umekunjuka, elekeza dawa ndani ya moyo. Dawa ya kufyonzwa, ile inayoingia na kusambaa ndani ya mmea, haisafiri vizuri kwenye mmea ulionyauka. Urea isubiri mvua, ukiitupa juu ya udongo mkavu bila kuifukia sehemu yake inaweza kupotelea hewani.

Palilia, magugu yanakunywa maji yako. Tandaza mabua na nyasi, funga matuta kwa vizuizi vya udongo katikati yake maji yasikimbie. Kama una maji kidogo ya kumwagilia yabakize kwa wakati wa mbelewele na nywele, kiu ya hapo inakula mavuno kuliko wakati mwingine wowote.

Na mkivuna msijisahau, mahindi yaliyopata ukame yakatobolewa na wadudu ndiyo sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, inayapenda, 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kausha juu ya turubai, mahindi yaliyotobolewa au yenye ukungu yatoe kabla ya kupukuchua, na kuku usiwape, nao inawadhuru.